Kasuku wa Buluu Kwenye Mnada wa Mavuno

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi Tottenham, London
Tarehe: Ijumaa, 17 Oktoba 2025
Jina: Telesphor Byabato
Umri: Miaka 49
Kazi: Mwalimu wa baiolojia, shule ya sekondari
Makazi: Ilford
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi

Nimeomba kueleza kwa Kiswahili kwa sababu nikikasirika Kiingereza kinanikimbia, na leo nimekasirika.

Mimi ni mshiriki wa usharika wa Watanzania unaosali katika ukumbi wa kukodi hapa Tottenham. Kila Sikukuu ya Mavuno mimi ndiye mnadi. Kwetu, mtu huleta alichonacho kama sadaka, na baada ya ibada vitu hunadiwa na fedha huingia kanisani. Aliyenunua anaweza kukirudisha kitu mezani kinadiwe tena. Nyumbani tungeleta kuku na mikungu ya ndizi. Hapa tunaleta mayai ya dukani, maboga na keki.

Mnamo tarehe 12 Oktoba 2025, majira ya saa saba mchana, Placida aliingia na tundu kubwa lililofunikwa shuka. Placida anahudumia wazee majumbani, na namfahamu tangu alipofika nchini miaka mitatu iliyopita. Aliniambia, "Mwalimu, hii ndiyo sadaka yangu." Alipofunua shuka, nilimwona kasuku mkubwa wa buluu. Kifuani alikuwa amejinyonyoa manyoya mpaka ngozi inaonekana.

Nilimuuliza amemtoa wapi. Alisema alikuwa wa Bibi Marion, mzee wa Ilford aliyekuwa akimhudumia, ambaye alifariki mwezi wa nane. Mpwa wa marehemu alimwambia amchukue, la sivyo atamfungulia dirisha aende zake. Placida akasema, "Analia kuanzia alfajiri, majirani wananigongea ukuta. Kumtupa siwezi, Mwalimu. Bora nimpe Mungu."

Afande, hili liandikwe vizuri: Placida hakujua ni ndege gani. Alimwita "kasuku wa bibi" basi. Mimi nilijua. Nilimtambua kwa ile ngozi ya njano isiyo na manyoya pembeni mwa mdomo. Ni aina inayoitwa kasuku wa Lear. Makao yao ni Bahia, Brazil, na porini wamebaki kama elfu mbili. Nimewafundisha wanafunzi habari zao mwaka hadi mwaka, na sikuwahi kumwona hata mmoja kwa macho yangu.

Nikapanda jukwaani, na hapo ndipo pa kunicheka. Badala ya kunadi, nikaanza kufundisha. Niliwaambia kwamba wanataga kwenye matundu ya majabali ya mchanga, na kwamba wanaishi wawili wawili miaka mingi, ndiyo maana huyu mpweke anajinyonyoa. Chakula chao kikubwa ni kokwa za aina moja tu ya mchikichi iitwayo likuri, na miche yake huliwa na ng'ombe kabla haijakua. Wakivamia mahindi, wakulima huwapiga risasi. Wakinusurika kwa wakulima, walanguzi huwanasa na kuwauza nje. Kila nilivyosema wako wachache, ndivyo mikono ilivyozidi kuinuka. Niliona utamu, nikaongeza chumvi na sauti.

Fanuel, mzee wetu wa kanisa, aliuliza, "Mwalimu, ni dume au jike?" Nikamjibu kwamba kwa macho hata mimi sijui, mpaka damu au unyoya vipelekwe maabara. Watu walicheka sana. Fanuel alimnunua, akamrudisha mezani. Akanunuliwa na kinamama wa kwaya, nao wakamrudisha. Mwishowe Fanuel akamnunua tena ili amzawadie mchungaji. Mchungaji anaogopa hata njiwa, akajificha nyuma ya kinanda.

Kuna mtu alirekodi mnada kwa simu na kuuweka mtandaoni. Jumanne polisi walikwenda kwa mchungaji kumchukua ndege, kisha wakamkamata Placida kwa kosa la kuuza ndege wa aina hii bila cheti cha serikali kinachoruhusu mauzo. Jumatano mwajiri wake alimsimamisha kazi. Viza yake inategemea kazi hiyo. Akifukuzwa, itabidi aondoke nchini.

Ofisa wa wanyamapori amenieleza kwamba cheti kinatakiwa hata kama mauzo ni ya kanisa. Hilo sikulijua. Nilidhani sadaka si biashara. Ameniambia pia kwamba ndege yuko mahali salama na ameanza kula, na kwamba damu yake ikipimwa huenda akapatiwa mwenzake. Nilifurahi kusikia hivyo. Bado naona aibu, maana mimi niliyewahurumia ndege hawa darasani ndiye niliyetumia uchache wao kupandisha bei.

Mnaniuliza nani alimuuza. Placida alikabidhi sadaka yake, akaenda kukaa kiti cha nyuma. Hakutaja bei na hakushika hata senti. Aliyegonga meza na kusema "Ameuzwa!" mara zote tatu ni mimi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa, na ndivyo nilivyosema.

Sahihi: T. Byabato

MAELEZO YA OFISA: Shahidi alipofikia swali la nani aliuza, nilimsimamisha. Nilimweleza kwamba akiendelea atakuwa mtuhumiwa, si shahidi tena, na kwamba anaweza kunyamaza na kumwita wakili. Alijibu, "Najua, mwanangu. Andika, kisha mwachieni Placida arudi kazini." Nimeandika. Baada ya sahihi nimempa onyo la kisheria.

Konstebo Elinaja Mfinanga