Onyo Limefutwa

Jumanne, jioni

Polisi wamelifuta onyo. Nilidhani nitafurahi.

Kilichoniuma si adhabu, maana sikupewa adhabu yoyote. Ni yale maneno kwenye karatasi: kuendesha kwa fujo na kupiga honi ovyo kwa kujifurahisha. Siku ile nilikuwa namkimbiza Mama hospitali kutoka Muheza, dada yangu Rehema amempakata kiti cha nyuma. Tulipofika alikuwa ameshakata roho. Sikutaka safari ya mwisho ya mama yangu ibaki imeandikwa hivyo.

Mkuu wa kituo ni mtu mzima. Nilimpa shikamoo, akaitikia vizuri, akaisoma karatasi taratibu.

"Kwa nini hukumwambia askari kuwa una mgonjwa?"

"Nilimwambia, afande. Akachungulia dirishani, akasema huyo mama amelala tu."

Akaomba karatasi ya hospitali, akalinganisha saa iliyoandikwa humo na ile ya kwenye onyo. Akapiga mstari, akatia sahihi.

"Pole sana, mwanangu."

Rehema anasema Mama alikuwa bado anapumua pale tuliposimamishwa. Simuulizi tena. Naogopa siku moja atanijibu vingine.

Nilipotoka nje nilichukua simu nitoe habari kwamba nimeshinda. Nilikuwa nimeshaifungua namba ya Mama ndipo nikakumbuka. Habari za namna hii, yeye ndiye niliyezoea kumpa kwanza.