Nusu Iliyogonga Sahani

Bweni la Wasichana, Chumba Na. 14,
Tours, Ufaransa.
Jumapili, 22 Machi 2026

Mpendwa Mama Mkubwa Tuyet,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi isiyotaka kuisha. Goti lako linaendeleaje? Bado unapanda zile ngazi za dukani kwa kujikaza, au umekubali Thuc akushushie unga? Mimi mwili ni mzima, ila vidole vimejaa malengelenge ya trei za moto. Majani ya chai yalifika. Pakiti moja ilipasuka njiani, na sasa sweta zangu zote zinanukia kama jikoni kwako.

Nisamehe kwa kuchelewa kukuandikia. Ulipopiga simu Januari ukalia kwa furaha, nilikuwa na neno la kukuambia, nikalimeza. Kusema siwezi, unanijua. Kuandika najaribu.

Unamkumbuka Shushan, mwenzangu wa chumba, yule wa kutoka Armenia? Kila Jumapili tulikuwa tunapanda treni kwenda mji mmoja wa karibu: Amboise, Chinon, hata Saumur siku ya mvua. Kila mji tulinunua keki moja tu, tukaigawa kwenye benchi. Mmoja anakata, mwenzake anachagua nusu. Hatukuwahi kugombana. Mji uliokuwa umebaki ni Loches.

Darasani, hapa chuo cha keki na mikate, tulikuwa wanane. Sita ni wa huku huku, na kila mmoja alikuwa ameshapata duka la kufanyia mazoezi ya kazi. Tulibaki sisi wawili, na nafasi ilikuwa moja, dukani kwa Bi Aubineau. Kibali changu cha kuishi kina mwaka mzima mbele. Cha Shushan kilikuwa kinaisha mwezi huu, na bila nafasi ile kisingeongezwa. Nililijua hilo vizuri. Fomu zake nilimjazia mimi, kwa kuwa alisema mwandiko wangu unapendeza.

Januari huku wanakula keki bapa ya lozi iliyofichwa kisanamu cha kaure ndani. Anayekikuta anavikwa taji la karatasi. Ili pasiwe na upendeleo, mdogo kuliko wote anaingia chini ya meza. Mwenye kisu anauliza kila kipande ni cha nani, na aliye chini ya meza anataja jina bila kuona.

Mwalimu wetu, Shefu Guibert, alileta keki ndogo ya watu wawili. Akasema, "Mimi sitaki kesi na wageni. Mwenye kisanamu ndiye ataenda kwa Bi Aubineau. Panya, ingia shimoni!"

Panya ni mimi, mdogo wa darasa. Ameniita hivyo tangu Septemba, siku aliyotupa donge langu la unga kwenye pipa na kusema hata bata wangelisusia.

Nikaingia. Corentin, ambaye baba yake ana duka la mikate, akainama kunichungulia. "Panya, vipi huko? Ukiona jibini usile peke yako!" Wakacheka. Mimi nilikuwa natazama viatu vya Shushan. Alikuwa anagongagonga sakafu kwa ncha ya kiatu, kama afanyavyo akisubiri treni.

Shefu akakata keki katikati. Nusu ya kwanza ilipotua kwenye sahani, kitu kikagonga. Tik. Kiatu cha Shushan kikatulia.

"Hiki cha nani?"

Nilikitazama tena kile kiatu.

"Ongea, sisi wazee hatusikii!"

"Changu," nikasema.

"Wewe nani? Una jina?"

"Khue!"

Nililitaja jina langu kwa sauti ambayo hujawahi kunisikia nayo, Mama Mkubwa. Shefu akapiga makofi. "Kumbe Panya ana meno!"

Nilitaka kukupigia simu na kukuambia nimechaguliwa. Sikuwa na sababu nyingine.

Kesho yake nilimfuata Shefu nikamwomba nafasi ampe Shushan. Akasema, "Taji halirudishwi. Jumatatu saa kumi na moja alfajiri uwe kazini." Nilipotoka nje, nilijikuta nimefurahi kidogo kwamba amekataa. Hilo nalo ni lazima ulijue.

Jumapili iliyofuata nilikata tiketi mbili za Loches. Shushan alikuja, nikashangaa. Nikanunua keki, nikaikata, nikamsogezea achague. Akaziunganisha zile nusu mbili, akanirudishia boksi.

"Kula yote, Khue. Si ndivyo unavyopenda?"

Baada ya hapo tulilala chumba kimoja wiki tisa. Aliniambia "zima taa" na "maji yamechemka", basi. Jumanne amerudi kwao. Kitanda chake amekitandika vizuri sana.

Umeniambia picha yangu nikiwa na taji umeitundika dukani, na wateja wote umewaonyesha. Itazame tena, upande wa kulia. Kuna mkono unaninyooshea taji. Ni wa Shushan. Siku ile aliniambia taratibu, "Limekaa upande. Simama vizuri, mama yako mkubwa ataiona picha."

Sikuombi uishushe. Ila mteja akikuuliza mkono ule ni wa nani, mwambie ni wa mwenye nafasi ile.

Nisalimie Baba Mkubwa Luc, Bibi Ngai na Thuc, na umwambie Thuc asiniandikie kunisifu. Mungu alilinde goti lako na akupe usingizi mtamu, hata baada ya barua hii.

Ni mimi mtoto wako, ninayekupenda na kukuonea haya,

Khue