Gitaa la Kujifunzia

Koku wangu ndiye atakayepiga gitaa kwenye misa ya jumuiya, hapa hapa uani kwetu, mbele ya padre, na atalipiga gitaa lake mwenyewe! Lile lile walilolicheka!

Haya, sasa hamjambo. Leo ni Jumatano, joto kali. Upepo wa ziwani umegoma kupanda huku mlimani, dagaa walioanikwa kule chini wananukia mpaka sebuleni, na mimi nimekaa kwenye kivuli cha jiwe letu kubwa la hapa uani, simu mkononi. Kidole kimoja kinaandika, moyo unachemka. Nimefurahi, lakini nimekasirika zaidi.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: Koku ni binti yangu, Kokugonza, yuko kidato cha tatu. Ndiye aliyenifungulia ukurasa huu. Aliniambia, "Mama, andika badala ya kugombana na sufuria." Mimi niliishia darasa la saba, lakini la kusema halijawahi kunipungukia.

Gitaa tulilinunua Mkuyuni wakati wa likizo. Bei yake ni ya mbuzi mmoja mzuri wa mnadani. Mengine pale dukani yalikuwa na bei ya ng'ombe mwenye mimba, yametundikwa ukutani kama mapaja ya nyama buchani, na mwenye duka anakukodolea macho usije ukayagusa.

Mimi nikayagusa.

Kuhusu gitaa sikujua kitu, sidanganyi. Lakini chungu nakijua. Kwetu Bukoba mwanamke hanunui chungu bila kukigonga. Unakiweka juu ya kiganja, unakigonga kwa kifundo cha kidole, unatega sikio. Chungu kizima kinaitika, chenye ufa kinakohoa. Basi nikaanza kugonga magitaa, moja baada ya jingine, huku Koku akijificha nyuma yangu kwa aibu.

Mwenye duka akaniambia, "Mama, unabisha hodi? Humo ndani hakuna mtu."

Nikamjibu, "Ndicho ninachotaka kujua, kama kuna mtu."

Kulikuwa na moja limechorwa maua, linang'aa kama gari la bwana harusi. Nikaligonga, likakohoa. Pembeni yake kulikuwa na la rangi ya udongo, halina pambo lolote. Nikaligonga, likaitika. Koku akalishika, akafumba jicho moja akachungulia shingo yake kama fundi anayekagua ubao, akasema imenyooka. Mambo hayo amejifunza kwenye simu. Mwenye duka akasema, "Hapo mmepata, hili ni zuri la kujifunzia." Neno hilo likapita masikioni mwangu kama inzi. Sikujua kwamba litarudi kunitagia mayai.

Ngoja niseme kasoro zake, maana mtoto wangu nina haki ya kumsema mimi, siyo jirani. Mbao zake ni plaiwudi, siyo mti wa kuchonga. Nyuzi zilikaa juu mno, mtu anazikandamiza kama anakamua limau. Vile vyuma vidogo vilivyolala kwenye shingo vilikuwa na ncha zinazokwaruza kiganja. Kikazio kimoja kule kichwani hulegea jua likichoma bati. Hizo ndizo kasoro. Lakini halijapinda, halijapasuka, na ukishalikaza linabaki kwenye sauti yake mpaka wimbo unakwisha. Kwa bei ya mbuzi mlitaka nini tena, liwapikie pilau?

Vidole vya Koku vikavimba. Mtoto hakulalamika, anapiga tu, ncha za vidole zimekuwa kama nyanya. Mimi nikatoa samli aliyotuletea bibi yake wa upande wa Baba Koku, Msukuma wa ng'ombe wa kweli, samli ya kibuyu. Kila mara kabla ya mazoezi namshika mkono, nampaka vidole kimoja kimoja. Anatoka hapo anang'aa, anakwenda kupiga.

Kumbukeni hiyo samli.

Sasa Jumapili iliyopita, baada ya misa, kwaya ya jumuiya ilikuwa inafanya mazoezi ya sikukuu ya somo wetu, mtakatifu wa jumuiya. Mwaka huu misa ya sikukuu inafanyika kwetu, Jumamosi hii. Koku alikuwa amejiandaa, ameshona pamoja nami mfuko wa kitenge wa kulibebea gitaa. Mwalimu wetu wa kwaya ni Mwalimu Festo. Ana sauti nzuri, ana masikio mazuri, ana viatu vinavyong'aa hata wakati wa matope. Koku akamwamkia, "Shikamoo Mwalimu." Akaitikia marahaba, akapokea gitaa. Na swali lake la kwanza, mbele ya kwaya nzima, halikuwa "umefikia wapi?" wala "hebu tusikie."

Aliuliza, "Mlinunua shilingi ngapi?"

Koku akamtajia, mtoto mwaminifu. Mwalimu akakuna nyuzi mara moja. Gitaa likasema *bu*, kama debe lililofunikwa kwa gunia. Akaliinua kwa vidole viwili, kama mtu aliyeuziwa samaki sato wa juzi.

"Hili ni la kujifunzia," akasema. "Haliwezi kubeba misa."

Watu wakacheka. Akaendelea kwamba ataazima gitaa la kaka yake, lile ghali, alipige mwenyewe, na Koku aimbe tu sauti ya pili. Koku akalirudisha kwenye mfuko wake wa kitenge, akafunga kamba taratibu, akasimama mstari wa nyuma na kuimba sauti ya pili. Hakukosea hata neno. Mimi nilikuwa mlangoni mwa ukumbi wa kanisa na sinia la vikombe vya chai, nikalitua chini kwa kishindo.

La kujifunzia!

Hivi kuna sufuria la kujifunzia? Ukipikia ugali ukaiva, watu si wanakula? Kuna jembe la kujifunzia, likilima mahindi yanakataa kuota? Kuna mume wa kujifunzia? (Hilo msijibu.) Mtoto ameacha kuzurura, ameacha kubishana na simu, kila jioni yuko kwenye jiwe pale anatafuta sauti ya wimbo wa matoleo mpaka mbuzi wa jirani wanaujua. Halafu mtu anakuja kumpima kwa bei, kwa kukuna mara moja!

Nyumbani nikasema mpaka koo likakauka. Baba Koku akawa anakula tu, ananitazama kama mtu anayesikiliza mpira redioni. Mwishowe akasema, "Wewe Mhaya, pumzika. Ukinunua chumvi mpaka Usagara wanajua. Leo umeguswa kidogo, ziwa zima litahama."

Wanasema sisi Wahaya tunajisifu. Mimi sijisifu, nataja yaliyopo. Kama yaliyopo ni mazuri, nifanyeje?

Jumatatu Koku alikaa na gitaa kwenye jiwe muda mrefu bila kupiga. Akapitisha kidole kwenye nyuzi, akakinusa. Akaniita.

"Mama, nyuzi zinanukia samli."

Nikamwambia samli haina kosa, inalainisha kila kitu: koo, ngozi, hata mkwe. Akacheka, akanieleza. Zile nyuzi nene zimezungushiwa waya mwembamba, na mafuta yakiingia kwenye ile mizunguko yanashika vumbi, uzi unakuwa mzito, sauti inakufa. Akafuta kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheusi tii. Waitu, jamani! Samli yangu ya kibuyu ndiyo iliyokuwa inalikaba gitaa koo. Lakini nani angejua? Kwetu mtoto akiumia anapakwa samli. Hakuna mahali palipoandikwa isipokuwa mpiga gitaa.

Akavua nyuzi zote, akaweka mpya za kwenye pakiti tuliyoongezewa dukani. Akachomoa na kile kipande cheupe kama mfupa ambacho nyuzi hukanyaga juu yake, akakisugua upande wa chini kwenye msasa, kidogo, anajaribu, kidogo tena, mpaka nyuzi zikashuka. Mimi nikachukua tupa yangu ya kucha, nikaketi nikalainisha zile ncha za vyuma, kimoja kimoja, kama ninayemkata mtoto mchanga kucha. Alipomaliza kulikaza akapiga.

Likaitika. Kama siku ile dukani.

Mngedhani hasira yangu ingeishia hapo, maana kosa lilikuwa la samli. Thubutu! Ilihama kiti tu. Mwalimu mwenye masikio kama yale angeuliza, "Mbona linakohoa?" Tungetafuta, tungeona. Yeye alishasikia bei kabla hajasikia gitaa. Alipojua ni la bei ya mbuzi, masikio yakaenda likizo.

Leo amekuja kuangalia mahali pa kuweka altare, na gitaa la kaka yake ndani ya sanduku jeusi lenye vifungo vya dhahabu. Wamekuja na akina mama wachache wa kwaya. Nikawakaribisha vizuri, mimi siyo mtu wa kununa mbele ya wageni. Nikaandaa chai, nikatoa senene wangu niliowatunza, panzi wa kwetu Bukoba, wakavu, wenye chumvi yao. Mtu akiwa na senene mdomoni habishi haraka.

Nikamwambia, "Mwalimu, wewe una masikio, sina ubishi. Koku ataingia nyuma ya pazia na magitaa yote mawili. Atapiga wimbo wa matoleo kwa moja, halafu kwa jingine. Wewe utuambie lipi la kujifunzia."

Akina mama wakapiga vigelegele kana kwamba ni mnada. Mwalimu akatabasamu. Akafumba macho.

La kwanza lilikuwa na sauti pana, inajaa sebule, inakwenda mpaka chini ya viti. La pili sauti yake nyembamba zaidi, lakini safi, kila uzi unajitaja jina. Nikamtazama Mwalimu. Taya lilikuwa limeacha kutafuna.

"La kwanza ni la kaka yangu," akasema.

Alipatia.

Sitawadanganya, nilitamani akosee. Lakini hata mimi nilisikia. La kaka yake lina tumbo, la kwetu lina kifua tu. Ng'ombe ni ng'ombe na mbuzi ni mbuzi.

Nikasema, "Sawa. Na la pili?"

Akachukua senene, akamrudisha kwenye sahani. "Siyo lile la Jumapili."

"Ni lile lile. Limeoga tu. Nakuuliza, Mwalimu: linabeba misa au halibebi?"

"Linabeba."

"Sema kwa nguvu, jiwe lisikie."

"Linabeba, Mama Koku!" Akina mama wakacheka mpaka chai ikamwagika. Naye angenyamaza hapo ingekuwa heri, lakini akaongeza, "Ila mimi sikumtukana mtu. La kujifunzia ni la kujifunzia."

Nilisimama. Nilikuwa na maneno tayari, yamejipanga kama watoto wa shule. Sufuria lilikuwa mbele, jembe nyuma yake, mume wa mwisho. Ndipo pazia likafunguka, Koku akatoka na gitaa lake kifuani.

"Mama, ni kweli anachosema," akasema. "Mimi si bado najifunza? Na Mwalimu mwenyewe kila mazoezi anatuambia hakuna aliyemaliza kujifunza."

Nikakaa. Maneno yangu yote yakabaki mstarini, hakuna aliyeyaita.

Mwalimu alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Halafu akafanya jambo ambalo, pamoja na hasira yangu, naliandika kwa sababu ni la kweli. Alichukua gitaa la kaka yake akamnyooshea Koku kwa mikono miwili. "Basi Jumamosi piga hili wewe. Mimi nitasimama na kwaya."

Hapo nikaomba kimoyomoyo akatae, na nikaomba akubali. Fikirieni, mtoto wangu na gitaa la bei ya ng'ombe mwenye mimba, padre anaona, picha zinapigwa!

Koku akapiga goti kidogo, kama nilivyomfundisha. "Asante sana, Mwalimu. Lakini vidole vyangu vinalijua hili."

Hivyo ndivyo shauri lilivyokatwa. Koku ataongoza kwa la kwake, na Mwalimu atapiga la kaka yake pembeni. Nasema tena kwa wasiosikia vizuri: pembeni, akimfuata Koku.

Walipoondoka nilimuuliza Koku kwa nini yeye hakukasirika, maana damu yangu anayo. Akasema alikasirika sana Jumapili, ila alijua mimi nitakasirika kwa niaba ya wote wawili, akaona atumie muda wake kutafuta kilichoharibika. Sasa mtoto kama huyo utamwambia nini? Nimempikia ndizi za nazi.

Lakini hasira yangu bado nimeitunza kidogo, nimeifunika kwa sahani. Mwalimu amesema "linabeba" sebuleni kwangu, wakati "haliwezi" alilisema mbele ya kwaya nzima. Na wapo waliocheka Jumapili ambao leo hawakuwepo. Nawajua kwa majina na kwa mahali mlipokaa. Sitawataja hapa, Koku amenikataza.

Nawaalika tu. Wali upo, ndizi zipo, viti vya kukodi vipo, watoto watakaa juu ya jiwe. Anayetaka kulibishia hodi gitaa kwa kifundo cha kidole ataruhusiwa, ila anawe mikono kwanza, na asije na samli.

Ni Jumamosi hii, saa nne asubuhi, uani kwetu Igogo. Njooni wote mjifunze.