Miguu ya Kumuoshea Ghanima

Jumatatu, 7 Julai 2025

Mwanasiti wewe, huna haya. Tangu Idi ya Ramadhani hujagusa daftari hili. Miezi mitatu! Karatasi zimeshika harufu ya mende. Ulikuwa unafanya nini hata usije? Umekaa. Umekaa kwa sababu ukisimama magoti yanakutangaza. Haya, sema.

Nilianguka. Si njiani wala chooni — kazini, mbele ya maiti. Mtaa mzima wa Mabawa wanajua muosha maiti wa kike ni mimi, mwaka wa thelathini na nane huu. Wiki iliyopita tumeitwa, nimechuchumaa kumimina maji, kuinuka siwezi. Wasichana wawili wakaninyanyua kwapani kama gunia la mkaa. Marehemu kalala kwa heshima zake, aliyeaibika mimi.

Nimemsimulia Ghanima, mwenzangu tangu utoto. Kacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniuliza sasa nani atamuosha yeye.

Tuliahidiana siku tulipomuosha mama yake: atakayebaki atamuosha mwenzake. Hataki mikono mingine. Ati wasichana wa siku hizi watamwangalia, kisha wakamchambue barazani. Na moyo wake umechoka. Daktari kamwambia wazi, hakumficha.

Alhamisi, 10 Julai

Ghanima ana mashine. Muhanad, mwanawe wa Maskati, alimletea mwaka juzi. Kibao cha kusimamia, kina mkono wa kushikia. Ukiwasha, kinakutetemesha mwili mzima kuanzia unyayoni. Mwenyewe kakatazwa, maana kifuani kawekewa kidude cha kuendeshea moyo. Basi ikafunikwa kitambaa, ikageuzwa meza ya chupa za marashi. Leo kaniambia panda wewe.

Nimepanda. Miguu nimeikaza kama nguzo za umeme. Meno ya bandia yakagongana, macho yakaona Ghanima wawili. Na mmoja tu keshanichosha!

Manase akatuokoa. Manase ni yule Mbondei wa mazoezi ya viungo, anayekuja kwa Ghanima kila wiki. Kasema magoti yalegee kidogo, kama mtu aliyetaka kukaa akaghairi. Dakika moja juu, dakika moja kupumzika, mara tano. Siku tatu kwa wiki. Ati misuli inashtuka na kujikaza yenyewe, damu inatembea, mwili unajifunza kujizuia usianguke. Nikamuuliza mifupa je. Kasema huenda ikafaidika, lakini hakuapa. Nimempendea hapo. Na kutembea nisiache, mashine peke yake haitoshi.

Nikamuuliza lini nitachuchumaa na kuinuka. Wiki sita, kasema, pengine nane.

Ghanima kutoka kitandani: "Mwambie afanye sita."

Jumamosi, 19 Julai

Nimefanya upumbavu, naandika ili nisiurudie. Nikaona dakika moja ni uchoyo. Juzi Alhamisi, na funga yangu ya sunna, nimesimama juu ya ile mashine dakika ishirini nzima. Nikashuka, nyumba inazunguka. Nikakaa sakafuni mpaka adhana. Magoti leo yamevimba kama maandazi.

Manase kanikemea kama mtoto. Nile, ninywe maji, nifuate alichosema, si nilichokiota. Mwanamke wa miaka sabini na sita, nimeinamisha kichwa. Ghanima anafurahi zake.

Jumanne, 29 Julai

Magoti yamenywea, nimerudi. Ghanima ananihesabia. Mashine ina saa yake lakini haiamini. Moja, mbili, tatu — sauti ile ile ya utotoni. Mimi shule sikuingia hata mlangoni. Yeye ndiye alikuwa akitoka darasani ananichorea herufi kwa makaa sakafuni; mama yake akitokea, tunazikalia. Kanga zangu zote zilikuwa nyeusi matakoni. Herufi hizi ninazoandika ni zake.

Leo nimevua soksi. Nyayo tupu. Nikafumba macho — reli!

Tulikuwa tukienda relini sisi wawili, tunasimama pekupeku juu ya chuma, tunangoja treni ya Korogwe. Huisikii bado, huioni. Nyayo ndizo zinajua kwanza. Inaanza kama sisimizi, inapanda muundini, inafika gotini. Mimi hapo naruka. Ghanima haruki mpaka dereva apige honi. Siku moja kachelewa hasa, akaangukia kokoto, paja likachanika. Nikamuosha pale mferejini, tukaenda kudanganya nyumbani kwamba kapigwa pembe na mbuzi. Mbuzi wa watu akauzwa!

Nimemkumbusha. Halafu kasema: "Safari hii naruka mimi kwanza, Siti."

Nikamwambia ahesabu, asinipotezee dakika yangu.

Jumapili, 10 Agosti

Nimechuchumaa na kuinuka mara nne. Sikushika kiti, sikushika mtu. Wallahi.

Ghanima kasema basi nijaribu kwake, nimuogeshe. Nimejua anataka nini. Samiha, mjukuu wangu, kaleta beseni na maji ya uvuguvugu, nikamwambia atoke. Nimeosha upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, kama inavyopasa. Magoti nimeyalegeza vile vile. Mwepesi — mwanamke aliyekuwa akijaza mlango! Kovu lipo pale pale pajani, limefifia, refu kama kidole. Nimeliosha taratibu.

Kafumba macho, kanyoosha mikono. Nikamkemea afumbue, bado hajafa. Akafumbua, akasema maji yamepoa, siku yenyewe nisimfanyie uvivu huu.

Miguu ilishika mpaka mwisho. Nimekwenda jikoni kulia. Nimelia nimesimama.

Ijumaa, 15 Agosti

Umeme ulikatika siku tatu, mashine imelala. Nimetembea uani kwenda na kurudi, nimechuchumaa kwa kushika kiti. Sijui kama inatosha.

Muhanad kafika jana kutoka Maskati. Kwa Idi hakuja, kaja jana. Asubuhi hii kampigia simu Samiha. Samiha hasemi alichoambiwa. Kaniambia tu: "Bibi, vaa."

Bajaji iko mlangoni. Samiha yuko chumbani anautafuta mkoba wangu wa kazi. Sikumwambia autafute.

Manase alisema wiki sita. Zimetimia tano tu.

Naandika nimesimama, daftari liko juu ya kabati. Magoti nimeyalegeza.

Mwanasiti, ukifungua tena hapa, usianze na salamu wala na kilio. Andika kwanza miguu ilishika au haikushika.