Kuta za Wanawake wa Tiguex

Tiguex, Oktoba 1540

Dada Leonor,

Salamu kwako na kwa mama. Mimi mzima, ila miguu imevimba na tumbo limesahau mkate. Macho ya mama yanaendeleaje?

Niliapa sirudi Compostela bila dhahabu, wala sishiki tena kazi ya udongo ya marehemu baba, fundi wa kuta. Haya, cheka. Cíbola, nchi tuliyoambiwa ni ya dhahabu, jeshi letu limeipiga vita, kumbe ni udongo mtupu, ghorofa juu ya ghorofa! Hapa Tiguex nako ni udongo, ila wenyeji wametupokea kwa mahindi na nyama ya bata mzinga.

Halafu, dada, wanaojenga kuta ni wanawake. Nilichota udongo niwaonyeshe ufundi wa baba, wakacheka mpaka wakakaa chini. Bibi mmoja akaninyang'anya, akanionyesha milimani kwa kidole, kama kusema: kalete boriti, mwanamume wewe!

Mdogo wako,
Melchor

Compostela, Februari 1541

Mdogo wangu Melchor,

Tumefurahi kusikia u mzima. Mama macho yale yale, na anakuombea kila siku.

Mvua imeangusha ukuta wa nyuma na paa la chumba chake. Analala jikoni, moshi unamkaba. Mafundi wote wamefuata msafara wenu. Nani kakutuma kuapa? Rudi, mama anakutaka wewe.

Na hao wanawake, udongo wanauchanganya na nini?

Dada yako,
Leonor

Tiguex, Novemba 1541

Dada,

Hamjambo? Mimi nimekonda, lakini nipo.

Tumefika hadi Quivira, mbali mashariki, tulikoambiwa ndiko dhahabu iliko. Nyumba za nyasi, basi. Dhahabu hakuna, dada. Hakuna!

Umeuliza udongo. Huwasha vijiti na matete, yakibaki makaa na majivu humwagia udongo na maji, wakakoroga. Kisha hufinyanga madonge, wakiyakausha wanayapanga kama mawe.

Yule bibi simwoni tena. Mwaka jana baridi ilipokuja wakubwa wetu waliwavua wenyeji mablanketi mwilini, wakawatoa majumbani mwao ili tulale sisi. Wenyeji wakapigana nasi, tukawachomea miji. Nalala ndani ya kuta zao na naona aibu kubwa.

Wengine wanasema tutarudi masika. Mimi nitarudi kwenu na uso gani?

Melchor wako

Compostela, Machi 1542

Mdogo wangu,

Pole kwa baridi. Pole zaidi kwa hao mliowafukuza. Mama amelia alipoisikia habari yao.

Uso gani? Uso ule ule, nimekuosha kamasi tangu unatambaa.

Barua yako ilipofika niliwasha vijiti siku hiyo hiyo. Madonge ya kwanza yalipasuka, ya pili yakashika. Majirani wakaja kunitazama. "Leonor, umekuwa mwanamume lini?" Nikawajibu, "Huko Tiguex wangewacheka waume zenu!" Sasa wawili wameniomba niwajengee.

Ukuta umesimama, Melchor. Mama anaupapasa kila asubuhi, anasema mkono ni wa baba. Nikamwambia si wa baba, ni wangu, na nimeupata kwa wanawake ambao sitawaona kamwe. Akaubusu.

Sitaki dhahabu yako. Chumba cha mama bado hakina paa, na boriti siwezi kuzipandisha. Hiyo ni kazi ya wanaume, kama alivyokuambia yule bibi.

Njoo basi.

Dada yako,
Leonor