Nauli ya Aliye Hai

Same, milimani

Shikamoo Dada Mwanaisha,

Huku ni ukungu na baridi tupu. Otieno, yule mhandisi mwenzangu wa maji kutoka Kisumu, tumemzika Jumanne. Mkataba wetu sisi wageni unalipa nauli ya kurudi kwetu, lakini ya aliye hai tu. Gharama ya kumsafirisha maiti ilitushinda.

Ikapigwa pembe ya msaragambo, wito wa kazi ya kijiji, wanaume wakaja na majembe. Mzee Mbwambo akatoa nafasi penye makaburi ya ukoo wake. “Alichimba mfereji nasi kila wiki,” alisema. “Tumtupe wapi?”

Mkataba haunilazimishi kuchimba mfereji nao, nami sijawahi.

Nibusie wanangu, uniombee dua. Asubuhi hii pembe imelia tena, ya kazi ya mfereji. Nimeazima jembe.

Mdogo wako,
Salim