Jina Langu Lilisomwa, la Mume Wangu Halikusomwa

Tanga, Jumatano, masika ya 1956

Mvua haijakatika tangu asubuhi na nyumba nzima inanuka nguo mbichi. Mume wangu, Baba Zuhura, amejilaza, uso kaugeuzia ukutani. Najua hajalala.

Juzi, kwenye shule yetu ya jioni, Mwalimu Yohana alisoma majina ya wanaoingia darasa la pili. Langu alilisoma. La mume wangu hakulisoma.

Tulirudi nyumbani. Tulipoingia tu akaniambia, "Mama Zuhura, masomo yako yamekwisha. Huendi tena."

Nataka niandike haki yake kabla sijaandika yangu. Shule hii ya jioni ni yake kuliko ilivyo yangu. Yeye na wapakiaji wenzake wa bandarini ndio walioianzisha, walipochoka kutia dole gumba kwenye makaratasi wasiyojua yanasema nini. Walimwendea Mwalimu Yohana, Mbondei wa Muheza anayefundisha watoto mchana, wakamwomba chumba chake baada ya saa za kazi. Mabenchi ni ya watoto. Wanaume wazima walikaa magoti yamewafika videvuni. Sisi wanawake tulipotaka kuingia, wengi walikataa. Baba Zuhura ndiye aliyesimama mbele yao.

"Mke wangu anafua mashuka ya hospitali kutwa," aliwaambia. "Kama mimi nachoka na bado nasoma, naye achoke asome."

Nikawa mwanamke wa kwanza kukaa mle ndani. Nikifanya hesabu nyumbani, yeye ndiye anayembembeleza mtoto. Darasani alikuwa akisinzia, mwili umekwisha kwa kubeba marobota ya mkonge. Mimi nilikuwa macho kwa sababu yeye alinipokea mtoto.

Hilo ndilo linaloniuma.

Leo nilipotoka kazini nilimpeleka Zuhura kwa shangazi yake, nikarudi kuvaa buibui. Baba Zuhura alikuwa amekaa barazani.

"Unakwenda wapi?"

"Shule."

"Juzi nilisema nini?"

Nikamwambia nilimsikia, nikashuka barazani. Tangu anioe sijapata kumpa mgongo akiwa anasema nami.

Darasani sikuambulia kitu. Mwalimu alikuwa akieleza namna ya kujumlisha sehemu, mimi macho yako mlangoni. Na kweli akaja. Alisimama pale shati limelowa chapachapa. Mpakiaji mmoja akacheka, kisha akamwona uso, akainamia daftari lake.

"Mama Zuhura, twende nyumbani."

Mwalimu Yohana aliweka chaki mezani. Angesema nini, na huyu aliyesimama mlangoni ndiye aliyemwendea kumwomba chumba? Nilijua nikiinuka sitarudi tena. Nyuma yangu walikuwa wamekaa wanawake wawili walioingia baada yangu, na waume zao wangepata habari hata kabla ya sala ya Isha, nao wawakataze.

"Kipindi kikiisha, Baba Zuhura," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama si yangu.

Nilingoja anishike mkono anivute. Hakunishika. Alinitazama kitambo, akatazama benchi alilozoea kukalia, ambalo sasa lina mtu mwingine. Kisha akatoka.

Tulipotawanyika nilimkuta amejibanza ukutani, mvua inampiga. Hakuwa amekwenda popote. Tukaongozana, yeye mbele mimi nyuma, mpaka tulipoingia mtaa wa Ngamiani ndipo aliposema.

"Bandarini wananicheka. Wanasema nimwoe Mwalimu Yohana awe mke mwenzio, mnifundishe nyote wawili."

Siku nyingine tungecheka pamoja.

"Rudi darasani," nikamwambia. "Nitakusaidia. Hesabu zile si ngumu, ni usingizi tu uliokuwa unakuponza."

"Mimi sirudi pale." Tukatembea kidogo. "Lakini wewe usiwe unarudi peke yako na giza hili. Nitakuwa nakuja kukuchukua."

Nilipaswa kufurahi. Si ndiyo ruhusa hiyo? Lakini sikuweza. Chumba kile alikiomba kwa mdomo wake, na sasa amekubali kubaki nje.

Tangu tufike nawaza kumwomba Mwalimu anirudishe darasa la kwanza. Pengine Baba Zuhura angerudi, tukae benchi moja kama zamani, na wa bandarini wakose la kusema.

Hapana.

Angejua nimefanya hivyo kwa ajili yake, na hilo asingenisamehe kamwe. Mimi pia nisingejisamehe.

Kesho jioni nitavaa buibui langu niende. Kujumlisha sehemu ubaoni nitaweza, Mungu akipenda. Lakini kuketi mle ndani nikijua mume wangu amesimama nje ananisubiri, hilo nitaliweza?